Kuluthumu na Maneno Yenye Mikia

Kuluthumu binti Abbasi wa Isevya, mjini Tabora, alikuwa na miaka thelathini na minne, talaka moja, mtoto mmoja, na Kiingereza cha maneno matatu: yesi, no na sori. Mwaka ule wa sabini na nne, Kiingereza hicho kilitakiwa kiongezeke kabla mvua hazijaanza. Kisipoongezeka, mtoto angeondoka.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Shaban, aliyekuwa mumewe, alihamishiwa pamoja na ndugu zake kwenye kijiji kipya cha Ujamaa upande wa Nzega, kijiji cha pamba. Huko alishaoa mke mwingine, Minza, na Minza alikuwa anazaa kama anayeshindana na mtu. Mama yake Shaban akataka yaya wa bure. Ndipo akakumbuka kwamba ana mjukuu Tabora, Siwema, mwenye miaka tisa na darasa la tatu lake. Mtoto akishapita miaka saba ni wa baba, alisema bibi huyo, kana kwamba miaka hiyo saba ni yeye aliyekuwa anamfulia nepi.

Mambo yakafika mahakama ya mwanzo. Hakimu akamuuliza Kuluthumu anafanya kazi gani. Akajibu kwamba anasuka mikeka, anapika vitumbua unga ukipatikana, na akina mama wa Isevya wakifa anawaosha.

"Hiyo ya mwisho ni kazi?" akauliza hakimu.

"Ni thawabu, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, alikuna kichwa. Kuluthumu akaona afadhali aseme lililobaki: ameomba mafunzo ya ukunga katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji, na wanaochukuliwa hupewa chumba na posho. Hakimu akalishika hilo hilo. Ukipata nafasi, akasema, mtoto abaki kwako asome. Usipoipata, baba yake aje amchukue. Akagonga meza, akaita kesi ya mbuzi.

Sasa mtihani wenyewe ulikuwa wa kusoma vibandiko vya dawa na kueleza maana yake. Wakati ule kila mkutano na kila redio ilihubiri Kiswahili, lugha ya taifa, lugha ya ukombozi. Lakini chupa za dawa hazikuwa zimesikia hotuba hizo. Zilikuja na Kiingereza chao, na mkunga asiyekijua aliweza kumnywesha mzazi dawa ya kupaka.

Mwalimu alimpata mahali ambapo watu wengine hawakuthubutu kukanyaga. Bi Fakhria, dada yake Bwana Majid aliyekuwa na duka karibu na soko, alisoma Unguja utotoni kwa shangazi zao. Alirudi Tabora na Kiingereza chote, na ulimi uliowakimbiza wachumba mmoja baada ya mwingine. Sasa alikuwa mzee, miguu imemvimba, anaishi chumba cha uani nyuma ya duka la kaka yake. Duka lenyewe lilibaki rafu tu. Nguo na sukari zilikuwa zinapitia duka la ushirika, na mkaguzi alikuwa anakuja kuchungulia kama Majid hajaficha kitu.

"Umechelewa kuja duniani, na umechelewa kuja kwangu," Bi Fakhria alimwambia siku ya kwanza. "Kwa muda ulionao siwezi kukufundisha Kiingereza. Nitakufundisha kukifumua. Wewe ni msukaji mikeka. Mkeka ukitaka kujua umesukwaje unafanyaje?"

"Nautafuta ukingo, Bi Fakhria."

"Haya. Maneno nayo yana kingo. Mengine yamevaa kilemba mbele, mengine yana mkia nyuma. Ukikijua kilemba kimoja, umewajua wote waliokivaa, hata kama hujawahi kuonana nao. Keti. Si hapo, hapo ni mguu wangu."

Akaanza na *un*. Akamwambia hicho ni kilemba cha kubatilisha. Kufunga kamba ni *tie*. Ukikivalisha kilemba kile, kamba imefunguka, *untie*. Kufunika ni *cover*. *Uncover*, chungu kiko wazi.

Kuluthumu akasema polepole, "Kumbe ni kama kwetu. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua."

"Sema tena."

"Funga, fungua. Ila sisi tunafungulia mkiani. Wao wanafungulia kichwani."

Bi Fakhria akageuka kumkaripia paka asiyekuwa na kosa lolote. Alikuwa hivyo, akifurahi lazima mtu atukanwe.

Tangu hapo mambo yakawa moto. *Er* ni mkia wa mtu na kazi yake: *teach* ni kufundisha, *teacher* ni mwalimu, *work* ni kazi, *worker* ni mfanyakazi. Kuluthumu akasema mtu wa Kiswahili anatangulia mlangoni, mkulima, mwalimu, mwosha maiti, bali mtu wa Kiingereza anakuja nyuma kama mke wa mtu mkali. *Re* ni kurudia. *Ful* ni tele, pomoni. Akawa anasuka mkeka huku anayapanga maneno kwa ukoo, wa *re* huku, wa *ful* kule, na Siwema akirudi shule anakuta mama yake anazungumza peke yake.

Tamaa nayo ikamshika. Siku moja akaja na maneno aliyoyatengeneza nyumbani.

"*Unsleep*," akasema. "Kuamka."

"Hakuna."

"*Uneat*. Kutapika."

"Kulu! Kiingereza si kiwanja cha baba yako ujenge unavyotaka."

"Basi *unmarry*. Hilo nalo hakuna? Maana mimi limenipata."

Bi Fakhria akacheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi apigwe mgongo. Alipopata pumzi akamwonya kwamba si kila aliyevaa kilemba ni sheikh. *Uncle* ni mjomba, ana *un* yake mbele, na hafungui chochote.

"Wajomba ndivyo walivyo," akasema Kuluthumu.

Lakini mkia uliomwingia moyoni ulikuwa *less*. Bi Fakhria aliueleza kwamba ni mkia wa kukosa. Asiye na msaada, *helpless*. Asiye na nyumba, *homeless*. Asiye na faida, *useless*. Kuluthumu akayarudia, akasimamisha ukindu mkononi.

"Hawa wamefiwa," akasema.

"Nani?"

"Haya maneno. Kila mmoja kafiwa na kitu chake. Huyu kafiwa na nyumba, huyu kafiwa na msaada. Ukiona *less* mlangoni, ujue humo ndani mna matanga. Na je, Bi Fakhria, mtu akikosa mtoto?"

Bi Fakhria hakucheka safari hiyo. "*Childless*," akasema. "Lakini hilo ni langu mimi. Wewe usilichukue."

Wiki moja kabla ya mtihani Shaban akatokea Isevya na kaka yake Mahona, wamekuja kuchungulia mambo yamefikia wapi. Kuluthumu alikuwa uani anapepeta unga wa njano, ule wa msaada, ambao mwaka ule hata mwenye kuudharau aliupangia foleni.

"Hodi kwa mama daktari!" akaita Shaban. "Tumesikia siku hizi huongei na watu weusi."

"Karibu. Watu weusi naongea nao. Wavivu ndio sina maneno nao."

Mahona akaangua kicheko, kisha akakumbuka yuko upande gani. Shaban akaketi kwenye kinu. "Kuluthumu, tusifichane. Mtihani wa Kiingereza watakaofanya ni wasichana waliotoka sekondari juzi. Wewe darasa la nne lako limeshaota ukungu. Mpe mtoto nguo zake mapema, tusije tukapishana na basi."

"Basi utalipanda wewe na kiranja wako huyo."

"Mama kule amechoka. Minza ana watoto wadogo wawili na mwingine njiani."

"Na shule?"

Shaban akatazama pembeni. "Shule ya kijiji bado inajengwa."

Hapo ndipo Kuluthumu alipojua kila kitu. Hakuna shule. Siwema atabeba watoto wa Minza mgongoni mpaka na yeye abebeshwe wa kwake. Aliendelea kupepeta, lakini kwa nguvu mno, unga ukamwagika chini. Kuku wakafurahi.

Mtihani ulikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa kumi, Tabora imekauka kiasi kwamba hata kunguru wanatembea midomo wazi. Kuluthumu alikuwa ameoga, amefunga khanga yake ya heshima, Siwema anamshikia kioo. Ikapigwa hodi. Alikuwa Darwesh, mtoto wa Majid, mtu wa makamo, macho mekundu.

"Dada Kuluthumu, shangazi ametutoka. Baada ya swala ya alfajiri."

Kuluthumu akakaa kitandani. "Innalillahi." Kisha, kabla hata ya chozi, ikaja hesabu: "Bi Zamda yuko wapi?" Maana Isevya nzima waosha wanawake walikuwa wawili, yeye na Bi Zamda.

"Yuko Ipole. Binti yake amejifungua."

"Mwambie baba yako azike alasiri. Nitarudi saa saba, nitamwosha mimi mwenyewe."

"Nimemwambia. Anasema kwa jua hili na maji yaliyomjaa mwilini, alasiri itakuwa aibu. Anataka adhuhuri." Darwesh akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Na yeye mwenyewe jana alisema asiguswe na mtu ila wewe."

Angeweza kukataa. Watu wamekataa makubwa kuliko hayo na wakalala usingizi. Lakini alifikiri juu ya wanawake wa mle nyumbani, wanaojua kulia tu, wakimgeuza Bi Fakhria kama gunia, maji yakimwingia masikioni, sehemu zake zikiwa wazi mbele ya macho ambayo zamani hayakuthubutu kumtazama. Akajiambia kuosha si kazi ya kutwa. Ataosha, atavisha, atakimbia. Akamwachia Siwema maelekezo, akatoka.

Aliosha vizuri. Pazia lilizungushwa uani, Thuraya mke wa Majid akawa anamiminia maji, yeye anaosha kulia kwanza, kisha kushoto, kwa majani ya mkunazi, kisha maji ya karafuumaiti. Hakuharakisha, mikono ilikataa. Alipomaliza akanyoosha mkono.

"Sanda."

Thuraya akajishughulisha na ndoo.

"Sanda, Bi Thuraya. Muda wangu unakwenda."

"Darwesh amekwenda duka la ushirika. Hawajafungua. Wakifungua wanataka kibali cha balozi wa nyumba kumi, na balozi amekuja hapa msibani, yuko barazani na wanaume."

"Basi si aandike kibali hapo barazani?"

"Ameandika. Lakini ushirika hauna bafta ya sanda tangu wiki jana. Darwesh amekwenda kumtafuta meneja nyumbani kwake."

Kuluthumu akaingia chumbani kwa marehemu kutafuta hata shuka. Akainama chini ya kitanda, kitanda kile kile walichokuwa wanakalia kufumua maneno. Kulikuwa na jora zima la bafta nyeupe, limefungwa kwa gunia, halijaguswa.

Thuraya alikuwa nyuma yake. "Hilo halionekani," akanong'ona.

"Mimi nimeliona."

"Kulu, nakuomba. Kashindye ndiye balozi, na yuko pale. Ikijulikana Majid ameficha nguo ataitwa mlanguzi, atafungwa. Amesema tungoje ya ushirika."

"Amesema ndugu yake alale uchi juu ya ubao?"

"Anaogopa, mwanamke wewe! Huogopi wewe?"

Alikuwa anaogopa kuliko wote mle ndani. Huko misheni wasichana walikuwa wanaketi madawatini. Lakini kupiga kelele kungempeleka mtu jela, na kuondoka kungemwacha mwalimu wake bila nguo. Basi akangoja. Akaketi kwenye kigoda kando ya maiti, amemfunika kwa khanga zake mbili, anafukuza nzi, huku kivuli cha pazia kinafupika. Darwesh hakurudi. Wanawake walianza kisomo, wakamaliza, wakaanza tena.

Halafu hakungoja tena. Akasimama, akaingia chumbani, akalivuta jora.

"Nani wa kiume ataingia humu?" akamwuliza Thuraya, meno yamekaza. "Niambie. Kashindye atafungua pazia amtazame mwanamke akioshwa? Akitoka hapa ametoka ndani ya jeneza, amefunikwa juu. Balozi ataiomba sanda risiti?"

"Atauliza imetoka wapi."

"Mwambie aliinunua mwenyewe zamani, akajiwekea. Wanawake wangapi wa mji huu wamejiwekea sanda? Mama yangu alikuwa nayo sandukuni. Shika hapa, nichane!"

Na hilo ndilo lililokuwa la kuchekesha na la kuliza: lilikuwa jambo jepesi namna ile. Majid na woga wake walisahau kwamba kuna chumba kimoja ambacho mkaguzi hafiki. Wakavisha vipande vyote, wakafunga. Kuluthumu akamwekea mkono kifuani, mara moja tu, akatoka mlango wa nyuma bila kuaga. Akakimbia.

Mlangoni pa hospitali alimkuta karani, Bwana Dionis, mtu wa kola iliyonyooka.

"Mama, watu wameanza zamani. Mlango umefungwa."

"Baba, nimetoka kuosha maiti. Ndiyo sasa hivi. Tazama mikono."

Akamnyooshea. Harufu ya karafuumaiti ikamfikia Bwana Dionis puani, akarudi nyuma hatua mbili, ukutani. Alisukuma mlango kwa kiwiko.

Akapewa karatasi na dawati la mwisho. Wasichana wa sekondari walikuwa wanahakiki majibu yao. Kuluthumu aliinama. Kibandiko cha kwanza kilikuwa na neno ambalo hakupata kuliona maishani, *unsealed*. Kisha akaona kilemba. *Seal* alilijua, sili, ile wanayobandika kwenye kizibo. Akaandika: ikiwa sili imebanduliwa, usitumie. Likaja *painless*, matanga ya maumivu, haliumi. Likaja *colourless*. Likaja *refill*. Yalikuwa yanamjia kama watu wa ukoo msibani, mmoja anamtambulisha mwenzake, na kwa dakika hizo chache alisahau njaa, Shaban na kila kitu, akawa mtu anayejua. Kengele ikalia. Alikuwa amefika katikati ya ukurasa wa pili, na karatasi ilikuwa na kurasa nne.

"Kalamu chini," akasema msimamizi.

"Sista, niongezee kidogo tu."

"Kalamu chini, mama."

Majina yalisomwa Jumatatu kwenye baraza ya hospitali. Lake halikuwemo. Bwana Dionis alimfuata mpaka kwenye geti, amesimama mbali kidogo bado. "Uliyojibu uliyajibu," akamwambia. "Lakini nusu ni nusu. Na mwakani umri wako umepita."

"Ahsante baba," akasema Kuluthumu, na hakujua anashukuru nini.

Ikafika siku ya Siwema kuondoka. Mtoto alishika nguzo ya kibaraza akakataa kuiachia. Mahona akambandua kidole kimoja kimoja, naye Mahona analia, pua inamtoka. Shaban alikuwa ametangulia kituoni, hakutaka kuona. "Mama, utakuja lini?" mtoto akauliza, na Kuluthumu akamfunga upya kifurushi cha nguo zake. Basi likaondoka. Majirani wakaja kumkalisha, wakampa uji, Thuraya akaleta kipande cha kitenge kwa siri. Hakula. Alilala na kuamka kwenye mkeka ambao haujakwisha, na watu wakaanza kusema Kuluthumu naye anamfuata Bi Fakhria kaburini.

Alichokifanya baadaye hakukifikiria muda mrefu, na hakumwuliza mtu. Aliuza kinu, akauza kitanda, akafunga jembe na sufuria ndani ya khanga, akapanda lori la marobota mpaka Nzega, na kutoka Nzega akaenda kwa miguu. Kijiji kilikuwa kimepimwa kwa kamba, nyumba safu kwa safu, nyingine hazina paa. Akaulizia mwenyekiti. Akamkuta chini ya kibao cha chama, akamsalimia, akasema ametii wito wa Serikali, amekuja kuishi kijijini, apewe kiwanja.

Mwenyekiti alifurahi. Watu wengi aliletewa kwa lori la askari. Huyu alikuwa wa kwanza kuja mwenyewe. Akampimia kiwanja kilichobaki tupu, safu ya tatu, ng'ambo ya njia kutoka kwa Shaban.

Shaban alikuja mbio kutoka shambani, jembe begani. "Mwenyekiti! Huyu ni mtalaka wangu! Hawezi kukaa hapa!"

"Kwa nini hawezi?" akauliza Kuluthumu. "Kijiji hiki ni cha Ujamaa au cha mama yako?"

Watu wawili watatu waliokuwa karibu wakageuka kuficha meno. Mwenyekiti akakohoa, akasema mtu yeyote mwenye nguvu za kulima pamba ni ndugu. Shaban akasimama pale, jasho linamtiririka. "Utalala wapi? Hakuna hata nyumba hapo."

"Nitajenga."

"Na mvua?"

"Mvua ni zangu mimi. Wewe nenda kapalilie."

Hakuwa na nguzo hata moja. Hakuwa na chakula cha kuzidi siku chache, wala hakujua kulima pamba. Mtu wa Isevya, mikono ya ukindu. Alianza kukwangua majani ya kiwanja kwa jembe, na kila alipoinua kichwa alitazama ng'ambo. Siwema akatoka uani, mtoto wa Minza amembeba mgongoni. Akamwona mama yake. Hakukimbia. Alisimama, akageuka kumtazama bibi yake aliyekuwa ameketi mlangoni anachambua mlenda, kwa namna ya mtoto ambaye keshafundishwa kuomba ruhusa.

Kuluthumu aliyaona hayo, na yalimkata kuliko lile basi. Akaegemeza jembe. Akapaza sauti, safu nzima isikie:

"Shikamoo, mama!"

Bibi hakujibu. Majirani wakasimamisha walichokuwa wanafanya; kunyimwa marahaba hadharani si jambo dogo, na aliyenyima ndiye anayesemwa.

"Shikamoo, mama! Mimi jirani yako mpya!"

Yule mzee akachambua jani, akachambua jingine, macho chini. Siwema amesimama katikati ya njia, mtoto wa watu analia mgongoni, hajui aende upande gani.

"Marahaba," akasema bibi hatimaye, kwa chini, kama anayetema kokwa.

Kuluthumu akavuka njia. Hakumkumbatia binti yake, bado. Alimfungua mtoto yule mgongoni, akamweka begani pake mwenyewe, akambembeleza, ili Siwema anyooshe mgongo.